Mayai ya Mei: Historia ya Marehemu Genowefa Jarzyna

Ndugu na majirani, poleni kwa msiba na kwa baridi hii, anayewasomea ni Teofila, mdogo wake marehemu.

Genowefa alizaliwa tarehe 3 Januari 1938 hapa Olszanka Dolna, binti wa kwanza wa mfua vyuma Wincenty, na mama alikuwa akisema huyu alitoka tumboni amekunja uso kama mkaguzi. Alisoma shule ya kijiji 1945 hadi 1952, akahitimu kazi ya maabara mjini Lublin mwaka 1958, akaajiriwa ofisi ya afya ya wilaya hadi 1993, akipokea vikopo vya choo cha wanaoharisha, akitafuta vijidudu vya salmonela, na kwa kila mgonjwa akichomeka pini nyekundu kwenye ramani. Tarehe 4 Juni 1960 alifunga ndoa na Zenon, fundi wa reli, wakajaliwa Ryszard na Bożena.

Miaka ya sitini pini zilijaa Julai na Agosti, karibu na machinjio, lakini kuanzia 1985 zikahamia Mei, kwenye nyumba zilizofanya karamu za komunyo ya kwanza, akatambua kwamba ugonjwa umeingia kwenye mayai, nasi keki tulizipaka krimu ya viini vibichi vilivyopigwa na siagi, kama mama zetu. Alituomba tuvipike, tukamcheka, tukamwambia anayeogopa yai kesho atamkimbia kuku.

Jumapili tarehe 14 Mei 1989 ilikuwa karamu ya Halszka, mjukuu wa Teofila, wakaugua watu kumi na mmoja, na Jumamosi iliyofuata Halszka akafariki, ana miaka tisa. Kipande cha keki kilipimwa, vijidudu vikaonekana. Teofila alimfuata dada yake ofisini, akamwambia kwa jina lake la utotoni, "Andika ni nyama ya duka, Geniu, nyama haina ndugu wa kuililia." Genowefa, aliyemshika mtoto yule kwenye ubatizo, alijibu polepole, "Nikiidanganya karatasi, Mei ijayo tutazika mtoto wa jirani," akachomeka pini juu ya nyumba ya mdogo wake.

Teofila akarudi kijijini akasema ni nyama, na duka la nyama la jirani yetu Apolonia likakosa wanunuzi, likafungwa. Marehemu alifungwa na kiapo cha kazi asitaje nyumba, akanyamaza, ila kila Aprili alizunguka mlango kwa mlango akihimiza viini vipikwe, na Mei 1993 hapakuwa na pini hata moja. Dada hawa hawakusemezana hadi 2003, Zenon alipozikwa, na hata hapo waliongelea viazi.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2018, akafariki hospitalini tarehe 11 Februari 2019, ana miaka themanini na mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomkatia kuni, na wenzake wa maabara. Nawe Apolonia, uliyekaa benchi la nyuma kanisani miaka yote hii, nyama yako haikuwa na kosa, mkono ulioipiga krimu ile ndio huu ulioshika karatasi. Nilipaswa kulisema hili dada akiwa anasikia.

Geniu, pumzika sasa, kwa amani niliyokunyima.