Fundo Aliloliacha Mwalimu Jacinter

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mwalimu Jacinter Wafula wa Mwabungo. Alifundisha darasa la watoto wanaochelewa kushika masomo. Mwalimu Jacinter hayupo tena. Alikuwa na miaka thelathini na minane.

Chombo chake kilikuwa simu. Alijirekodi akifanya jambo moja, polepole, hatua kwa hatua. Watoto wakatazama, wakaiga, wakatazama tena. Katika video ya kunawa mikono alijikuna pua yenye kuwasha. Basi darasa zima likanawa vizuri sana, na kila mtoto akatoka na povu puani. Mkaguzi wa shule alipouliza pua ni hatua ya ngapi, mwalimu akamjibu, "Ya nne, bwana." Mkaguzi akaandika.

Mumewe, Duncan, ni mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya Diani. Alimzika mkewe Bungoma, akarudi Ukunda, akaingia zamu. Hakulia. Alikunja vitambaa vya meza, akavikunjua, akavikunja. Simu ya marehemu aliitia kabatini, chini ya mashuka. Chaji ikaishia humo.

Wiki ya tatu, asubuhi, Bibi Kahaso alipiga hodi. Alikuwa na mjukuu wake Sidi, mwanafunzi wa mwalimu, kamba za viatu zikiburuta mchangani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nyumba yanuka mwanamume. Fungua dirisha."

Duncan akafungua.

"Huyu ameanguka barabarani mara tatu," akasema Bibi Kahaso. "Nikitaka kumfunga kamba, anivuta masikio. Asema mwalimu hajamaliza."

"Hajamaliza nini?"

Sidi akachuchumaa. Akapishanisha kamba, akapitisha, akavuta, akafanya kitanzi. Kisha akakishika kitanzi hewani, akatulia. Dakika ikapita. Hakusogea.

"Watoto wote tisa hukaa hivyo," akasema bibi. "Siku ya somo hili la kamba ndipo mwalimu alipopelekwa hospitali. Tumekuja kuomba simu. Huenda kipande kilichobaki kimo."

Duncan akaitoa simu, akaichomeka kwenye umeme. Wakangoja. Kisha mikono ya Jacinter ikaonekana, na kiatu, na sauti yake ikasema, "Shikeni kitanzi. Ngojeni kidogo, mwalimu anakuja."

Kioo kikawa cheusi. Hapakuwa na kingine.

Duncan alikaa kitako sakafuni. Alikuwa na viatu vyake vyeusi vya kazini. Akafungua kamba ya kimoja, akampa bibi simu.

"Bonyeza hapo pekundu."

"Nitakukata kichwa."

"Kichwa hakitakiwi. Mikono tu."

Akafanya kitanzi. "Sasa zungusha," akasema, akakiachia kitanzi. Akaanza upya. "Zungusha. Pitisha. Vuta." Fundo likatoka limekwenda upande.

"Nirudie, bibi?"

Bibi Kahaso alikuwa ameshusha simu. Alikuwa akimtazama Sidi. Sidi alizungusha, akapitisha, akavuta. Fundo lake nalo lilikwenda upande. Akasimama, akatoka nje, akatembea. Duncan alibaki ameinama, mkono juu ya kiatu.

Kwa Duncan, kwa jamaa wa Bungoma, na kwa watoto tisa wa Mwabungo, poleni sana. Mola amlaze mwalimu pema. Nasi, wasikilizaji wapendwa, kila mmoja ajiulize leo: ni nani niliyemwambia angoje kidogo, naye hadi sasa anangoja?