Mama Nelly, Aliyesoma Orodha Mpaka Safu ya Mwisho

Ndugu yetu aliyelala hapa mbele, Ester Mbuke Ngassa, ambaye wengi mlimwita Mama Nelly, alizaliwa Jumatatu tarehe 11 Juni 1956 katika hospitali ya misheni ya Kolandoto. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Ngassa na mama Kabula. Inasimuliwa kwamba alilia kwa nguvu hata mkunga akamwambia mama yake, "Huyu akipotea hutahangaika kumtafuta." Sauti hiyo tutairudia, maana ndiyo iliyompa kazi, na ndiyo iliyompa majuto.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971. Hakuchaguliwa kuendelea, ingawa alishika nafasi ya pili katika darasa lake. Siku hizo baba yake hakujua kusoma, kwa hiyo Mbuke ndiye aliyekuwa macho ya nyumba. Mwaka 1970 mzee Ngassa alirudi kutoka kuuza pamba, akampa binti yake stakabadhi.

"Baba, hapa wameandika kilo hamsini na mbili."

"Hamsini na mbili? Asubuhi nimepima kwenye mzani wa dukani kwa Ishwarlal, ilikuwa sitini na moja."

"Karani hakukusomea?"

"Karani alikuwa anaandika tu, mwanangu. Ameinama hivi."

Mzee akakaa juu ya gunia tupu. Marehemu alipenda kusimulia habari hiyo, na kila mara alimwigiza yule karani alivyoinama.

Basi mwaka 1984, chama cha msingi cha ushirika kilipomwajiri kuwa karani wa mizani, alikuja na utaratibu wake. Hakuandika kilo yoyote kabla ya kuisoma kwa sauti, mwenye pamba akisikia na foleni nzima ikisikia. Halafu aliiandika kwa chaki ubaoni. Madereva wa malori walimtania, "Mama, hata kule Shinyanga mjini wamesikia kilo za Masanja!" Yeye alijibu, "Vizuri, basi mjini hawatazipunguza." Alifanya kazi hiyo miaka kumi na tano. Haikutokea mkulima hata mmoja kusema ameibiwa kwenye mzani wake.

Tumeruka ndoa, tusameheane. Aliolewa tarehe 8 Oktoba 1977 na Mihayo Lukas, aliyekuwa fundi wa baiskeli, mtu wa maneno machache. Watu walishangaa wawili hao watakaaje pamoja. Walikaa miaka arobaini na saba na zaidi. Mungu aliwajalia watoto wanne. Mmoja alitangulia angali mdogo.

Sasa tufike pale ambapo yeye mwenyewe aliagiza tufike.

Mpango wa serikali wa ruzuku kwa kaya maskini ulipoingia hapa kijijini, Mama Nelly alichaguliwa kuwa katibu wa kamati. Malipo yalikuja, lakini orodha haikuja. Mtu aliambiwa tu, "Jina lako halipo," na aliyeuliza ni kaya ngapi zinalipwa, na ni kiasi gani kimeshuka, alionekana mkorofi. Marehemu alianza kwenda mjini mwaka 2016 kuiomba orodha. Aliambiwa arudi Jumatatu. Alirudi Jumatatu nyingi sana. Ofisini walipomwona anaingia wakawa wanasema, "Karani wa pamba huyo," naye anawaambia, "Pamba ilikuwa mali ya mtu mmoja na nilimsomea. Hizi ni hela za wote, mnazinong'oneza kwa nini?"

Agosti 2018 walichoka, wakampa nakala. Ilikuwa na safu nyingi: jina la mkuu wa kaya, idadi ya watu, kiasi wanacholipwa, na mwisho kabisa sababu ya kaya kuingizwa. Akaenda nayo kutoa nakala kwenye duka la Rushabh, mjukuu wa yule mzee Ishwarlal wa mzani. Rushabh akaitazama karatasi muda mrefu.

"Mama Nelly, shikamoo tena. Hii yote unataka kubandika ukutani?"

"Marahaba. Yote."

"Hii safu ya mwisho nikunje? Ni dakika moja tu, mashine haitaiona."

"Toa kamili, mwanangu. Mimi sijawahi kumsomea mkulima nusu ya mzani."

Rushabh akatoa kamili.

Jumamosi tarehe 18 Agosti 2018 mkutano ulifanyika ndani ya ghala la pamba. Wengi mliopo hapa mlikuwepo. Alisimama palepale ulipokuwa mzani, akasoma kwa sauti ile. Namba tisa ilikuwa ya mtu tuliyemzika mwaka 2015, na bado analipwa. Ghala lililipuka kwa kicheko. "Anazipokelea wapi?" "Msome tena, mayu, mama yetu, labda ataitika!" Namba ishirini na mbili alikuwa mwenye duka la mabati, kaandikwa hana paa. Watu walipiga makofi mpaka vumbi la pamba likashuka kutoka juu. Ile ndiyo ilikuwa siku yake. Miaka miwili ya kurudishwa Jumatatu ilikuwa imelipwa.

Akafika namba arobaini na tatu. Akasoma jina, idadi ya watu, kiasi, na sababu. Ile sababu ilikuwa ugonjwa. Ulikuwa ugonjwa wa mama mmoja wa hapa, ambaye alikuwa ameutaja mara mbili tu: kwa daktari, na kwa mwandikishaji aliyemwambia kwamba habari hizo hazitoki ofisini.

Mama Nelly akaendelea na arobaini na nne kwa sauti ileile. Hakuna aliyecheka tena, wala kupiga makofi. Ndipo alipoinua macho. Yule mama alikuwa amesimama anafunga kanga yake vizuri. Akatoka bila kukimbia.

Jioni ile mumewe alimwambia, "Umesoma vizuri, Mama Nelly. Ila umesoma mno." Ni maneno machache, lakini marehemu alisema alikuwa akiyasikia kila alipofungua mdomo.

Biashara ndogo ya yule mama haikupata mteja wiki nzima. Hatutaitaja ilikuwa biashara gani. Mama Nelly alikwenda kubisha hodi siku tatu mfululizo, mlango haukufunguliwa. Siku ya nane mama yule na binti yake walipanda basi la Geita. Kwa kuwa hakuwepo siku za malipo, jina lake nalo likafutwa.

Na ofisini walipata la kusema. "Unaona, mama? Ndiyo maana tulikuwa tunaficha." Orodha ikafungwa tena, safari hii kwa miaka mitatu. Marehemu aliwajibu, "Mlikuwa mnaficha hela. Yule mama hamkumficha, maana karatasi mlinipa ninyi, na yeye yumo." Lakini aliporudi nyumbani alikiri kwamba jibu hilo ni la kweli na halimsaidii kitu. Karatasi walimpa wao. Aliyesoma alikuwa yeye. Na kabla ya mkutano Rushabh alikuwa amemwonyesha mahali pa kukunja.

Alikwenda Geita kumtafuta mwaka 2019, akamkosa. Akaenda 2020, akamkosa. Mwezi Julai 2021 alimpata karibu na makarasha, ile mitambo ya kusaga mawe ya dhahabu, anawapikia wachimbaji. Nelly alikuwepo, ndiye aliyetusimulia.

"Shikamoo, Mama Nelly," yule mama akasema, mwiko mkononi. "Umekuja kunisomea na huku?"

"Marahaba, mdogo wangu. Nimekuja kukuomba radhi."

"Sema polepole basi. Hawa ni wateja wangu."

Mama Nelly, mwanamke wa sauti ile, aliomba radhi kwa kunong'ona. Nelly anasema hajawahi kumsikia mama yake akinong'ona kabla ya hapo. Yule mama alikoroga sufuria yake, akapakulia watu wawili, ndipo akajibu.

"Unajua mimi nami nilipiga makofi? Ulipofika kwa yule wa mabati nilipiga mpaka mikono ikauma. Nikasema, leo tumepata mtu wa kutusemea. Halafu ukafika kwangu." Akafuta mikono. "Nimekusikia. Kusamehe sijui, sijafika huko. Kaeni mle."

Walikula. Alikataa kulipwa, na alikataa pia kurudi.

Kutoka Geita marehemu hakwenda nyumbani kwanza. Alishuka Shinyanga, akaingia dukani kwa Rushabh na ile karatasi ya zamani, imechakaa.

"Ikunje, mwanangu."

"Ile ya mwisho?"

"Ile ile."

Rushabh hakumkumbusha, na marehemu alimshukuru sana kwa hilo. Karatasi hiyo iliyokunjwa aliipeleka ofisini, akawaonyesha kwamba inawezekana: kiasi kilichoshuka, kaya ngapi, nani kapata ngapi, vyote ukutani, maradhi ya watu ndani ya kabati lenye funguo mbili. Walikubali mwishoni mwa mwaka ule. Mpaka leo orodha ya kijiji hiki inabandikwa hivyo, na namba tisa haijafufuka. Jina la yule mama aliomba lirudishwe. Nakala za barua alizowaandikia zipo nyumbani, saba. Jibu halijaja.

Jumamosi tarehe 3 Februari 2024 alipata kiharusi akiwa anaanua dengu. Alitibiwa Kolandoto, mguu ukarudi, ulimi haukurudi sawasawa. Aliagiza mwenyewe kwamba ugonjwa wake usomwe hadharani, nao tumeusoma: shinikizo la damu, aliloishi nalo miaka kumi na moja akilificha hata kwa mumewe. Alimwagiza pia Nelly ampigie simu yule mama, aombe ruhusa kosa hili lisomwe siku ya mazishi. Jibu likaja: "Someni kosa lake. Mimi msinisome."

Afya yake ilibadilika baada ya Pasaka. Alifariki nyumbani Jumatano tarehe 14 Mei 2025, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha mume, Mzee Mihayo, watoto watatu, Nelly, Lukas na Raheli, wajukuu tisa, na kaka yake Maganga. Ameacha kijiji kinachojua hela zake zimekwenda wapi. Na ameacha mtu mmoja zaidi, ambaye hatujui kama amefika leo au yuko kwenye sufuria zake. Kama amefika, tunawaomba, ndugu zetu, asigeuke mtu kumtafuta kwa macho. Safu hiyo tumeikunja, kama marehemu alivyotaka.

Umesoma ya kutosha, Mama Nelly. Pumzika sasa kwa amani.