Mvumo wa Amplifaya

Kwenye treni ya asubuhi, fundi aliyepakata shingo ya gitaa alikuwa akimweleza mama aliyeketi kando yake kwamba karakana yao haitengenezi tena amplifaya. "Tumeamua kuzipumzisha," alisema. Mama huyo, mwalimu wa kwaya, alimtazama kama mtu aliyepewa habari za msiba. "Kuzipumzisha? Kwani zimechoka, fundi?" Fundi akashusha sauti, ikabidi nisogee ili nisikie, akakiri kwamba zilikuwa zinavuma. Kwa miaka sita wamebadilisha nyaya, wamebadilisha transfoma, na mvumo uko palepale. "Sisi ni watu wa mbao, dada. Umeme umetushinda."

"Lakini kwaya yangu inachukua sauti kwenye huo mvumo," mwalimu akasema. "Nikiwasha tu amplifaya yenu, inavuma mmm, na wote wanaingia pamoja. Ilipoharibika tukaazima ya kampuni kubwa. Ikakaa kimya, na waimbaji wakakaa kimya nayo." Sasa alitaka nyingine, yenye mvumo uleule. Fundi akasema hawezi kumuuzia mtu kosa. Mwalimu akamkumbusha kwamba alishamuuzia mara ya kwanza, tena akampa na dhamana.

Fundi akaanza kuipangusa shingo ya gitaa ambayo haikuwa na vumbi. Treni ikafunga breki, nazo zikalia kwa muda mrefu. Mwalimu akainua kidole, akasikiliza mpaka mwisho. "Hiyo iko juu mno kwa waimbaji wangu," akamwambia fundi, akashuka.