Ange Akae Kibondo au Kasulu

Kijiwe cha Jineva kiko Kibondo mjini, ng'ambo ya stendi, mahali ambapo magari meupe ya mashirika ya wakimbizi, yaliyokipa jina hilo la mji wa Ulaya, hulazimika kupunguza mwendo kwa sababu ya shimo. Ni gogo la mninga lililolazwa juu ya matofali, na mbele yake jiko la mkaa la mzee Khatibu, ambaye baba yake alihama Ujiji na birika la shaba na mdomo mtamu, basi. Kahawa ya mzee Khatibu ni chungu na ina tangawizi, na mtu akinywa vikombe viwili huanza kuamini kila anachokisema. Jumamosi hiyo ya mwaka tisini na sita, Venanti fundi baiskeli alifika mapema akiwa amevaa shati jeupe, na sanduku la spana hakuligusa. Kijiwe kizima kilijua kwa nini. Shangazi wa Ange, mchumba wake, alikuwa anakuja na lori la Kasulu la saa sita mchana, kusikia Venanti atamweka wapi binti yao. Akijibu vizuri, ndoa ipo. Akijibu ovyo, Ange atabaki kijijini Nyakitonto kwa baba yake, na huko kulikuwa na bwana mmoja mwenye pikipiki aliyekuwa akingoja tu Venanti akosee.

– Wazee, nisaidieni, – alisema Venanti. – Binamu yangu kanipa kibaraza Kasulu, pembeni ya soko. Hapa Kibondo nina kibanda changu na wateja wangu. Sasa niseme Kasulu au Kibondo? Na nikishasema, niseme kwa nini?

– Mdogo wangu, umekuja kwenye ofisi yenyewe, – alijibu Haidari, muuza betri na tochi. Hapo kijiweni anaitwa Redio, kwa sababu akifunguka hakuna anayejua kitufe cha kumzima kilipo. – Sema Kasulu. Kasulu ni mji. Kibondo ni mahali pa kungojea gari.

– Toka hapa! – Tharsisi aliweka kikombe chini kwa nguvu. Huyu alikuwa utingo wa malori ujana wake wote, naye anaitwa Kilomita. – Mimi nimelala Kasulu. Nimelala Kahama, nimelala Biharamulo, nimelala mpaka chini ya lori. Hakuna mji unaoufikia huu kwa usingizi.

– Usingizi ndio sifa ya mji?

– Sasa unaoa ili ukeshe?

Watu walicheka. Venanti hakucheka. Alisogea mbele ukingoni mwa gogo, viwiko magotini, kama mtu anayesikiliza mpira dakika za mwisho.

– Mwambie shangazi hivi, – Redio aliendelea. – Kasulu dagaa wa Kigoma wanafika bado wananukia ziwa. Huku Kibondo dagaa anafika kashasahau kama aliwahi kuwa majini.

– Dagaa mkavu ndiye dagaa, – alisema Kilomita. – Na sisi tuna asali. Mtu anayekula asali hagombani na mkewe. Umewahi kusikia talaka hapa Kibondo?

– Ya kwako!

– Ile ilitokea Kahama, nikiwa safarini. Haihesabiki.

– Gazeti je? – Redio hakumwachia nafasi. – Kasulu gazeti linasomwa. Hapa linakuja likiwa limefungia maandazi.

– Ndiyo maana hapa tuna afya. Habari mbaya zinatufikia zikiwa zimeshapoa. Wenzetu wa Kasulu wanazipata za moto, wanapandisha presha.

Mzee Khatibu aliwamiminia. Yeye hana upande. Kasulu ana shemeji zake, Kibondo ana wateja, na wote wanakunywa.

– Tuje kwenye kazi yake, – alisema Kilomita, akimgeukia Venanti. – Kijana anatengeneza baiskeli. Kasulu ni vilima vitupu. Anayepanda anasukuma, anayeshuka anamwomba Mungu. Nani atanunua baiskeli pale? Huku kwetu barabara imelala, baiskeli inajiendea yenyewe.

– Hapo umeingia mwenyewe! – Redio alisimama kabisa. – Kilima kinakula nini? Kinakula breki! Kasulu fundi anaweza kujenga nyumba ya bati kwa breki tu, pancha asiguse!

Hilo lilimwingia Venanti. Aliliweka kichwani kwa uangalifu: Kasulu, breki. Kisha akakumbuka asali, akaiweka upande wa pili. Kila walichosema kilionekana kizuri kilipokuwa kikisemwa, na kibaya mwingine alipofungua mdomo.

– Na baridi ya Kasulu? – Kilomita alirudi. – Mtoto wa Kasulu anazaliwa anauliza sweta.

– Baridi ndiyo inashikilia ndoa. Nani atatoka usiku kwenda kuzurura? Wote mko chini ya blanketi moja. Baridi hiyo ni baraka, bwana.

– Na mvua? Mawingu yanatoka ziwani, sawa? Yanaanzia Kasulu yakiwa na nguvu, yanawapiga. Yakifika huku yamechoka. Ndiyo maana mvua ya Kibondo inanyesha kwa adabu.

– Wiki iliyopita imeondoa paa la nani?

– Lile paa lilikuwa na kiburi.

Hapo Nsabimana, fundi viatu, alicheka mpaka sindano ikamchoma kidole. Nsabimana alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, akiwa mgongoni kwa mama yake, na kijiweni wanamwita Soli. Haongei sana. Kilomita aliona amepata wa kumuunga mkono.

– Muulizeni Soli! Hawa wazungu wa mashirika wamezunguka dunia nzima, wana ramani, wana simu za upepo. Wakachagua wapi? Kibondo!

– Hata Kasulu wapo, – Redio alidakia.

– Hawakuchagua, – alisema Nsabimana, akinyonya kidole. – Walitufuata sisi. Na sisi hatukuchagua. Mama alikimbia, akachoka, akaweka mzigo chini. Akauliza, hapa panaitwaje? Akaambiwa Kibondo. Ndiyo hivyo.

Gari jeupe lilipita, likayumba kwenye shimo, likaenda zake.

– Lakini muhogo wa hapa ni mzuri, – Nsabimana aliongeza, kwa kuwaonea huruma.

– Unaona! – Kilomita alipata pumzi upya. – Mwambie shangazi, haitapita miaka mitatu Kibondo itakuwa mkoa. Uwanja wa ndege utatiwa lami. Na huo Umoja wa Mataifa wenyewe utahamia hapa, kwa sababu kule Niuyoki hakuna tena pa kuegesha magari. Nani atakuwa anawazibia pancha? Venanti!

– Mkoa gani, bwana! Kasulu wanaletewa treni. Reli inatoka Kigoma, inavutwa mlimani kwa kamba ya chuma.

– Treni kwa kamba?

– Ya chuma. Nimesikia.

– Umesikia kwa nani?

– Nilisikia jana hapa hapa.

– Jana hapa hapa aliyekuwa anaongea ni wewe!

– Basi si nilisikia?

Venanti alifumba macho na kujaribu kupanga maneno. Shangazi, nimeamua Kasulu, kwa sababu ya breki, dagaa na baridi. Hapana. Shangazi, nimeamua Kibondo, kwa sababu ya asali, mvua na Umoja wa Mataifa. Ange mwenyewe alikuwa amemwambia, siku ya sokoni Nyakitonto, kwamba yeye popote ataishi, mradi Venanti asijikanyage mbele ya shangazi. Shangazi yule, Ange alisema, ndiye kila mtu wa ukoo anamwogopa, naye hagombi, anatabasamu tu.

– Mwakeye, – ilisalimu kwa Kiha sauti ya mwanamke.

– Mwakeye, mama, – waliitikia wote.

Alikuwa mama wa makamo, kitenge kimefungwa vizuri, kikapu mkononi. Wanawake hununua kahawa kwa mzee Khatibu wakaondoka nayo, gogoni hawakai. Huyu alitua kikapu, akawatazama Redio na Kilomita mpaka wakampisha, akaketi katikati yao. Aliomba kikombe kimoja, akanywa taratibu akisikiliza habari ya kamba ya chuma ilivyokuwa ikirudiwa kwa ajili yake.

– Mama, wewe inaonekana ni mgeni, huna upande, – alisema Kilomita. – Tuamulie. Huyu kijana anataka kuoa. Kati ya Kibondo na Kasulu, wapi amweke mke?

– Mimi miji siijui sana, – alijibu yule mama. – Hapa kwenu maji mnateka wapi?

– Maji? – aliuliza Kilomita.

– Maji.

– Maji yapo, – alisema Redio. – Kibondo naisema vibaya, lakini kwa maji, hapana, yapo.

– Najua yapo, baba. Nauliza wapi.

Redio alimtazama Kilomita. Kilomita alikohoa.

– Mama, kutoka hapa mpaka Nyakanazi mimi naweza kukutajia kila kona na kila daraja.

– Nyakanazi siendi na ndoo.

– Kasulu sasa, – Redio alijaribu, – Kasulu maji yako bondeni.

– Maji yote yako bondeni. Bonde lipi? Panapandwaje ukishajitwika? Masika panateleza?

Redio, kwa mara ya kwanza tangu gogo lile lilazwe pale, alimwachia mwingine nafasi ya kusema.

– Muulizeni mzee Khatibu, – alisema. – Yeye ndiye anayepika maji kila siku.

Wote walimgeukia mzee Khatibu. Alishika kifuniko cha birika kama vile jibu limo ndani.

– Yangu yanatoka kwenye pipa, – alisema.

– Na pipani yanaingiaje?

– Yanakuwemo. Nikiamka nakuta limejaa.

– Linajaa lenyewe?

– Yuko mama Mwanaamina, mke wangu... Lakini sijawahi kumuuliza.

– Mke wangu mimi anatoka bado giza, – alisema Nsabimana polepole. – Anarudi jua limeshatoka. Hapo katikati anakwenda wapi, kweli, sijui.

Yule mama alimaliza kahawa, akakirudisha kikombe, akatabasamu. Venanti aliliona tabasamu lile, akakumbuka maneno ya Ange.

– Mimi naitwa Esteri, – alisema. – Nimetumwa na kaka yangu wa Nyakitonto. Nilitaka kuja na lori la leo, nikapata la jana, nimelala misheni. Nani kati yenu ni Venanti?

Venanti alikuwa ameshasimama.

– Shikamoo, shangazi.

– Marahaba. Haya, baba, nasikia una maneno. Ange atakaa wapi?

Breki zilimtoka kichwani, na asali, na dagaa, na baridi. Nyuma yake Redio alinong'ona "sema treni, sema treni." Venanti alifikiria chumba alichopanga. Kila asubuhi alikuta ndoo mlangoni, imeletwa na binti wa mwenye nyumba, naye akanawa uso, akaenda kazini. Hakuwahi kuuliza.

– Shangazi, – alisema, – maneno nilikuwa nayo tangu asubuhi, na hakuna hata moja la maana. Maji sijui yanakotoka. Si hapa, si Kasulu. Lakini jua bado liko juu, na miguu ninayo. Twende tukaone.

– Lori langu linarudi saa tisa.

– Tutakuwa tumerudi. Mzee Khatibu, naweza kumwomba mama Mwanaamina ndoo, na anionyeshe njia?

– Ndoo? – mzee Khatibu alishtuka. – Wewe? Mchana huu?

– Venanti, acha kasheshe, – Redio alimshika shati. – Sisi tutatembeaje mjini? Watasema kijiwe cha Jineva kinateka maji!

– Wakisema, waambie umesikia, – alijibu Venanti, akajitoa.

Njia ilipita nyuma ya msikiti, ikakata shamba la mihogo, kisha ikaanguka bondeni ghafla. Mama Mwanaamina alitangulia bila viatu, akishuka kama anayetembea sebuleni kwake. Venanti alimfuata kwa viatu vyake vya ugeni, akateleza mara ya kwanza, akateleza ya pili, shati jeupe likapata udongo mwekundu wa Kibondo mgongo mzima. Shangazi Esteri alishuka wa mwisho. Aliangalia mteremko, mawe, mahali pa kupumzikia, na alipofika pagumu alisimama na kupagusa kwa kidole cha mguu.

Chini kabisa maji yalitoka kwenye jiwe, yakapita kwenye kipande cha mti kilichochongwa mfereji. Ndoo zilijipanga mpaka kwenye majani. Wanawake waliokuwa wakipiga soga waligeuka walipomwona mwanaume. Kwa kawaida, mwanaume haonekani pale na ndoo ila kama nyumbani kwake kuna shida kubwa.

– Pole sana, kaka, – alisema mmoja kwa huzuni. – Kwenu nani anaumwa?

– Haumwi mtu, – alisema Venanti, ndoo ameikumbatia. – Nataka kuoa.

Foleni nzima ilipasuka kwa kicheko, mpaka mama Mwanaamina akashika kiuno. Lakini yule aliyempa pole alivuta ndoo yake nyuma, akamwachia nafasi. Venanti alikinga. Kichwani ndoo haikukaa, akaiweka begani, nusu ya maji ikaingia sikioni na mfukoni. Alipumzika kila walipopumzika wanawake, na mahali pengine ambapo wao hawakupumzika. Alipofika juu, mbele ya gogo la mninga, ndoo ilikuwa imebakiwa na maji ya kupikia birika moja. Kijiwe kizima kilisimama.

– Ni mbali, shangazi, – alisema Venanti, akihema. – Na pale kwenye jiwe jeusi panahitaji ngazi. Naweza kuzichimba.

– Nimepaona, – alisema shangazi Esteri. Alikuwa ameshachukua kikapu chake, na upande wa stendi lori lilikuwa linapiga honi. – Bado kule Kasulu.

– Kesho nitafika, shangazi. Na lori la kwanza.

– Njoo, – alisema, akianza kuondoka. – Ndoo njoo nayo.