Ndafu Juu ya Boti

Jumatano asubuhi, pale Shirimatunda kwenye benchi la Eliona muuza kahawa, mzee Melkior alifika amekumbatia boksi kwa mikono miwili kama mtu aliyeazimwa mtoto. Hakusalimia. Aliliweka boksi katikati ya benchi, akatoa jiko dogo la gesi la kuchomea nyama, wavu wake haufiki upana wa sinia. Wenzake wawili wa kila siku wakasogea kupisha: Wilson, aliyeitwa Kamati kwa kuwa hakuna harusi mtaani asiyoisimamia, na Calvin, aliyeitwa Injinia kwa kuwa aliwahi kutengeneza redio moja ikakubali. Melkior mwenyewe alikuwa mchoma ndafu. Miaka thelathini, kuanzia Marangu mpaka Kahe, mbuzi mzima aliyechomwa akisimamishwa mbele ya maharusi na majani mdomoni, watu walijua huo ni mkono wa nani. Jumamosi hii ilikuwa zamu ya binti yake mwenyewe, Violet.

— Meku, hiki nini? — Kamati akauliza, akimwita mzee kwa Kichaga.

— Jiko. Kaleta Martin, mchumba wa Violet. Sherehe ya kumuaga binti wanataka iwe ndani ya boti, kule bwawa la Nyumba ya Mungu. Nichome humo humo, tukiwa majini. Saa sita niwape jibu. Nikishindwa, wanachukua mpishi wa hoteli kutoka Arusha.

— Mpishi wa hoteli amchomee Violet wetu ndafu? — Kamati akaweka kikombe chini. — Labda mimi niwe nimeshazikwa.

Injinia aliinua ule wavu, akaupima kwa kiganja.

— Aisee. Hapa anaingia kuku. Tena kuku mwenye aibu.

— Ndiyo tabu yangu, — alisema Melkior. — Ndafu inataka makaa kwa saa tano nzima. Hapa hata paja halilali.

— Tunamgawa, — alisema Injinia. — Unachoma mguu mguu, halafu tunamshona kwa waya. Akishasimama na majani yake, nani atajua?

— Mimi nitajua.

— Haya, na upepo? — Kamati akadakia. — Kule bwawani moto wa gesi unazimwa kama mshumaa. Tuzungushie mabati pande zote.

— Thubutu! — Injinia akaruka. — Gesi ni nzito. Ikivuja inashuka chini, inatulia kama maji. Nchi kavu inajiendea zake. Kwenye boti inakaa pale chini inakusubiri uwashe kiberiti.

— Basi dogo hilo. Tunatoboa tundu chini, gesi itoke.

Eliona, aliyekuwa akimimina kahawa, akaganda na birika hewani.

— Utoboe boti chini, Kamati?

— Tundu dogo.

— Na maji?

— Maji yaingie saa ngapi wakati gesi inatoka? Vitapishanaje kwenye tundu moja? Tumia akili, Eliona.

— Mimi nasema boti la pili, — alisema Injinia. — Linavutwa nyuma kwa kamba. Makaa humo, mbuzi humo, meku humo na kofia yake. Boti la mbele wanacheza muziki.

— Na mamba je? Harufu ya ndafu unaijua wewe!

— Mamba tutawatupia utumbo. Na wao ni wageni waalikwa.

Wakacheka, hata Melkior akacheka kidogo. Lakini vidole vyake havikuacha kupapasa ule wavu. Mabinti wa wenzake aliwachomea wote. Huyu wa kwake ndiye achomewe na mtu asiyemjua hata jina? Angechoma hata juu ya kibatari.

Hapo ndipo Ruth alipopita na ndoo yake ya maziwa. Alikuwa mgeni pale mtaani, ameolewa juzi tu.

— Shikamooni.

— Marahaba. Njoo utusaidie, mama, — alisema Kamati, akamweleza yote, boti, jiko, waya, tundu, mamba.

Ruth alisikiliza mpaka mwisho, ndoo ikiwa bado mkononi.

— Sasa Baba Violet, — alisema, — Violet akishakata kipande cha ndafu cha kumlisha baba yake, wewe utakuwa umekaa wapi?

Injinia akatazama jiko. Katika ndafu zote zile, Melkior alikuwa nyuma ya nyumba na moshi wake, wazazi wa maharusi wakiwa mbele kwenye viti. Hakuna aliyewahi kuona shida hapo.

Melkior akatoa simu. Aliiweka sikioni, wenzake wakasogea kusikiliza.

— Martin, mwanangu. Humo kwenye boti mmepanga viti vingapi?

— Vinane, baba.

— Changu kimo?



— Baba... tulihesabu utakuwa kwenye jiko.

— Basi tafuteni mtu wa jiko. Wa Arusha, yeyote. Mimi niwekeeni kiti.

— Sawa, baba. Utusamehe, baba.

Akairudisha simu mfukoni, akalisogeza lile boksi pembeni, akakaa vizuri kwenye benchi.

— Na ndafu, meku? — Kamati aliuliza taratibu, kama mtu anayeulizia mgonjwa.

— Nitaila, — alisema Melkior.