Shangazi wa Makopo Anaaga Wodi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mtaalamu wetu wa lishe katika wodi ya saratani anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kwenye barua za ofisi ana jina na cheo, lakini hapa kila mtu, kuanzia daktari bingwa hadi wafua mashuka, anamwita Shangazi. Na akikuita yeye, huwezi kujifanya hukusikia.

Alianza jikoni akikoroga uji wa wagonjwa, akaenda kusoma, akarudi na stashahada ya lishe na msimamo usiolegea: hakuna kirutubisho kitakachomfikia mgonjwa kabla sisi wahudumu hatujakionja. Tumekunja nyuso sana kwa ajili ya kazi hii! Kuna unga mmoja wa protini wenye ladha ya chaki aliomrudishia msambazaji kwa upole, mpaka yule bwana akaondoka akishukuru. Na ole wako uliyeficha chini ya mto vidonge vya kuongeza nguvu ulivyonunua mtaani. Atavipeleka kwa daktari vikaguliwe kama vinapatana na matibabu, kisha atarudi kukutania hadi ucheke.

Lakini kisa tusichochoka kukisimulia ni cha Babu Dereva, mzee aliyeendesha malori maisha yake yote. Dawa za saratani zilimwondolea hamu ya kula, akawa anakonda wiki hadi wiki. Daktari alisema wazi kwamba uzito ukishuka tena, matibabu yatasimamishwa. Shangazi akampa makopo ya maziwa ya lishe akanywe nyumbani. Makopo yakaisha, Babu akazidi kukonda. Tukabadilisha ladha, tukapima damu upya, wapi! Ndipo Shangazi alipowatupia jicho wajukuu waliomsindikiza kliniki, akaona mashavu yalivyowajaa. Kumbe Babu alikuwa akiwagawia. Roho ilimsuta kunywa maziwa mazuri vile peke yake, watoto wakimtazama.

Hakumgombeza. Aliwapa wajukuu kazi: asubuhi na jioni wampelekee babu yao kikombe, kikiwa baridi, anywe kidogo kidogo, nao wasibanduke mpaka kiishe. Watoto wale walikuwa wakali kuliko muuguzi mkuu. Uzito ukasimama, kisha ukaanza kupanda, na matibabu yakaendelea hadi dozi ya mwisho. Siku hiyo Babu alilalamika mbele ya wodi nzima kwamba uji aliopewa ni kidogo mno. Shangazi akatoka haraka kuelekea stoo. Tulimkuta huko akilia kwa furaha, nasi tukajifanya tunatafuta vikombe.

Shangazi, asante kwa kila mgonjwa uliyembembeleza ameze kijiko kimoja zaidi. Tunakupenda, na wodi itapwaya bila wewe. Nenda salama, ukae mezani nawe upakuliwe, na siku utakayosema umeshiba, asikose mtu wa kukubembeleza uongeze kidogo.