Ijumaa Imekwenda Wapi?

Ijumaa alasiri, watu wa benchi la mbele ya mkahawa, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, huku Uarabuni, huwa hawana haraka: chai ya karak mkononi, maneno mdomoni. Shiru peke yake ndiye hakutulia. Alikuwa amebuni upya tovuti ya kliniki ya meno, na tangu hapo miadi ya mtandaoni ilikuwa imepungua nusu. Jumapili asubuhi bosi wake alitaka kusikia dawa yake, la sivyo kazi angempa mwingine. Akaweka simu katikati ya benchi, wenzake waikague.

— Ni rangi, akasema Tony, muuza simu wanayemwita Prof. Hii kijani inakaa hosi. Mtu akiiona anaskia sindano.

— Rangi haina kosa, akasema Shabani, mlinzi wa ghorofa la West Bay, jina la kijiweni Kamanda. Imepoa mno. Weka jino kubwa litembee kwenye kioo. Wahenga walisema, kibaya chajitembeza.

— Kamanda, hiyo methali inakuumbua mwenyewe! Prof akacheka.

— Inaniumbua vipi? Jino bovu si kibaya?

— Basi liongee pia. Likuulize umepiga mswaki.

— Na lilie, mdogo wangu. Kwa Kiarabu na Kihindi.

— Kwa nini lilie? Shiru akauliza, kalamu mkononi. Aliandika yote, hata machozi.

Husna, mfanyakazi wa nyumbani aliyekuwa akingoja chai yake, mtandio ameubana shavuni, akasogea.

— Samahanini. Leo ndiyo siku yangu ya kutoka, na nimehangaika na tovuti hiyo hiyo tangu asubuhi. Nataka miadi ya Ijumaa ijayo. Ijumaa iko wapi?

Prof akapandisha ukurasa, akauteremsha. Kamanda akavaa miwani. Jumamosi ipo. Alhamisi ipo.

— Labda hiyo siku wanafunga, akasema Prof.

— Hawafungi. Nimepita sasa hivi, watu wamejaa.

Shiru alijua ilipo. Alipobuni ukurasa, siku saba zilikataa kupangika. Sita zilikaa safu mbili, tatu tatu, sawasawa kabisa. Ofisini kwake Ijumaa ni mapumziko, basi ndiyo aliyoisukumia ndani ya nukta tatu za pembeni, zinazofunguka ukizibonyeza. Akafungua mdomo aseme “bonyeza hapa,” akakumbuka kwamba wateja wengine hawana wa kuwaambia.

— Kaa, dada, akasema, akimpisha. Shika simu yako, unionyeshe ulianzia wapi. Mimi sisemi kitu.